Kwanta haingoji kompyuta kubwa

Mtu akisikia kwamba nafanya shahada ya uzamivu katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni na atomi, upande wa kukokotoa kwa kompyuta, tena naifanyia hapa hapa Dar es Salaam, huuliza mashine naitoa wapi. Wanauliza ndugu, wanauliza wenzangu wa fani nyingine, na wanauliza hata walimu wanaokaa kwenye kamati za kupitisha maandiko ya utafiti. Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba kazi hii ni ya wenye kompyuta za kujaza ukumbi, na kwamba sisi tukae kitako hadi serikali au mfadhili atuletee yetu. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu inawafukuza vijana wenye vichwa vizuri kabla hawajaonja somo lenyewe.

Hesabu zake si za kuficha. Chukua spini, ile sumaku ndogo kabisa ya elektroni, ambayo ukiipima utaikuta imeelekea juu au chini. Spini moja ina hali mbili, spini mbili zina hali nne, na kila ukiongeza moja idadi inajizidisha maradufu. Spini 10 zina hali 1,024. Spini 20 zimeshapita milioni. Zikifika 30 ni zaidi ya bilioni moja, na ukitaka kuhifadhi kwa kila hali namba changamano moja (namba yenye sehemu mbili) inayoeleza uzito wa hali hiyo, baiti 16 kila namba, utahitaji gigabaiti 17 hivi za kumbukumbu. Hapo kompyuta mpakato ya kawaida imefika ukingoni. Spini 40 zinataka terabaiti 17 na ushei, na spini 50 zinataka petabaiti 18. Sasa angalia: mtafiti wa Ulaya mwenye kumbukumbu mara elfu moja ya yangu amenizidi spini 10 tu. Punje ya chumvi ina elektroni nyingi kiasi kwamba hizo 10 hazionekani. Sote wawili nguvu za mashine zimetuishia mapema, na kuanzia hapo kinachotubeba ni mawazo.

Mwanafizikia Paul Dirac aliliona hilo tangu 1929. Aliandika kwamba kanuni za msingi za sehemu kubwa ya fizikia na za kemia yote zimekwisha kujulikana, ila milinganyo inayotokana nazo ni migumu mno kutatulika, kwa hiyo zitafutwe njia za kukadiria. Historia ya fani yetu ni historia ya njia hizo. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba kwa hali ya chini kabisa ya nishati huhitaji kufuatilia kila elektroni. Msongamano wa elektroni, yaani zilivyo nyingi au chache kila mahali, ambao ni jambo la pande tatu tu za nafasi, unatosha. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakaonyesha namna ya kuligeuza wazo hilo kuwa hesabu inayofanyika, na mwaka 1998 Kohn akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1992 Steven White naye alionyesha namna ya kubakiza hali chache zenye uzito katika mnyororo wa spini na kuziacha nyingine zote, na minyororo ambayo ingehitaji kumbukumbu nyingi kuliko za kompyuta zote za dunia ikaanza kukokotolewa kwa usahihi wa ajabu kwenye mashine ya mezani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa juzi tu. Juni 2023, IBM walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio la kompyuta ya kwanta, inayokokotoa kwa kutumia hali za kwanta zenyewe, yenye kyubiti 127 (kyubiti ni kipande chenye hali mbili kama spini), na ilionekana njia za kawaida za kukokotoa zimeachwa nyuma. Hazikupita wiki nyingi, Tomislav Begušić na Garnet Chan wa California Institute of Technology wakaikokotoa kazi hiyo kwa kutumia kiini kimoja cha kichakataji cha kompyuta mpakato, tena kwa muda mfupi kuliko ule uliotumiwa na mashine ya kwanta. Kiini kimoja! Kifaa cha namna hiyo kinauzwa Kariakoo. Walichokuwa nacho wao ni kuielewa njia hadi kwenye mifupa yake.

Ndiyo maana wasiwasi wangu kuhusu uzamivu wa fani hii nchini hauko kwenye mashine hata kidogo. Uko kwenye mazoea ya kuchukua programu iliyoandikwa na wengine, kuilisha fuwele, kusubiri, kubadilisha atomi moja, kusubiri tena, kisha kuita majedwali yanayotoka tasnifu. Programu zenyewe ni nzuri mno. Quantum ESPRESSO, kwa mfano, inapatikana bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Lakini iulize pengo la nishati la silikoni, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachiliwe kupitisha umeme, kwa makadirio ya kawaida na itakupa kama elektronivolti 0.6 (kipimo cha nishati ya elektroni), ilhali maabara inapima takriban 1.1. Programu haijakosea; makadirio yenyewe ndivyo yalivyo, na sababu zake zinajulikana. Mwanafunzi asiyezijua sababu hizo ataiandika 0.6 kama ugunduzi, na msimamizi asiyezijua ataipitisha. Mtu wa namna hiyo hata umpe jengo zima la kompyuta atazalisha makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Kuelewa kunataka muda, na hapo ndipo tunapoumia kweli. Wengi wanaofanya uzamivu hapa ni wahadhiri wasaidizi. Asubuhi wana maabara ya mwaka wa kwanza, mchana wana mihadhara, jioni wana rundo la mitihani ya kusahihisha, na foleni ya Morogoro Road inakula kilichobaki. Umeme ukikatika hesabu inaweza kuokolewa kwa kuiamuru programu ihifadhi hatua zake mara kwa mara. Wazo lililokatizwa halina pa kuhifadhiwa. Kama chuo kina fedha kidogo za utafiti, mimi ningeomba zilipe mtu wa kuchukua vipindi vya mwanafunzi mmoja wa uzamivu kwa mwaka, kabla ya kununua seva yoyote. Kazi chache zinazohitaji kweli mashine kubwa zinaweza kutumwa kwa intaneti kwenye vituo vya nje vinavyokubali maombi ya watafiti.

Wapo wanaouliza Tanzania itafaidika nini. Kuna majibu ya karibu: tanzanaiti inachimbwa Mererani tu duniani kote, bluu yake inatokana na vanadi kidogo iliyojipenyeza kwenye fuwele, na jinsi joto linavyoigeuza kutoka kahawia kuwa bluu ni swali la elektroni. Grafiti ya Mahenge inatakiwa kwenye betri, na namna lithiamu inavyoingia kati ya matabaka ya kaboni ni swali la elektroni vilevile. Haya yote yanafaa kwa tasnifu. Hata hivyo sitaki kila mwanafunzi alazimishwe kutaja madini ili aruhusiwe kufikiri. Chuo kilichopo Mlimani tangu miaka ya sitini hakikujengwa kwa ajili ya migodi peke yake.

Kingine kinachotukwamisha ni upweke, na huo una dawa. Abdus Salam, Mpakistani aliyejua upweke wa mwanafizikia wa nchi maskini, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama sisi. Shule ya Afrika ya njia za kukokotoa elektroni, ASESMA, ilianza mwaka 2010 na imeshafanyika Eldoret, Accra na Addis Ababa. Kigali kuna taasisi dada ya kituo cha Trieste. Hapa Dar es Salaam tunaweza kuanza na kidogo zaidi: chumba kimoja, ubao, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaokutana kila wiki kuoneshana walipokwama.

Na katika chumba hicho ningeweka sharti moja: mwanafunzi asitumie programu ya mtu mwingine kabla hajaandika yake ndogo. Aanze na spini 12 zilizopangwa duara, kila moja ikivutana na jirani zake kwa kanuni ya Heisenberg, ambapo majirani hupenda kuelekea pande tofauti. Hali zote ni 4,096 tu, kompyuta mpakato inazimudu bila taabu. Atafute nishati ya chini kabisa, aigawe kwa idadi ya spini, kisha arudie kwa 14, halafu 16, na afikapo hapo itabidi ajifunze kutumia ulinganifu ili kupunguza hali. Njia aliyoibuni Hans Bethe mwaka 1931 inatoa jibu kamili la duara lenye spini zisizo na idadi: −0.4431 kwa kila spini, pale nguvu ya mvutano inapohesabiwa kuwa moja. Namba zake zikianza kuisogelea hiyo, aitwe mwanafunzi wa uzamivu, na msimamizi akae naye waulizane kwa nini zinasogea polepole hivyo.