Rimu za kaboni zisizo na kulabu zinaonewa?

Siku hizi ukitaja tu magurudumu ya baiskeli ya kaboni ya huklesi, yaani yenye rimu zisizo na kulabu, hujamaliza hata sentensi mtu ashakutajia ya Thomas De Gendt, yule mwendesha baiskeli wa Ubelgiji. Mashindano ya UAE Tour, Februari 2024, tairi ikachomoka kwenye rimu jamaa akaenda chini, picha zikazunguka kila kona, basi ikawa kesi imekwisha. Wanayoyasahau wengi ni kwamba ile tairi ilikuwa ya milimita 28 kwenye rimu yenye upana wa ndani wa 25, na vipimo vipya vilishaanza kutaka angalau 29 kwa rimu ya upana huo. Watu wa vifaa nao walisema aligonga jiwe (wana maslahi yao, sawa, lakini jiwe haliulizi kama rimu ina kulabu).

Kulabu ni ule ukingo mdogo uliopinda kwa ndani kule juu ya rimu, ndio unaoing'ang'ania tairi. Huklesi ukuta umenyooka tu, tairi inashikiliwa na waya au nyuzi za ukingo wake zisizotanuka, kwa hiyo tairi ikiwa legelege kidogo hakuna cha kuidaka.

Wa kulabu wana hoja, tena nzito. Unavaa karibu tairi yoyote, hata GP5000 ya kawaida yenye tyubu ambayo Continental hawairuhusu kwenye huklesi. Presha unapandisha zaidi. Dura-Ace C50 ina kulabu, Roval Rapide CLX II ina kulabu, na hizo sio rimu za kubahatisha. Anayetaka amani ya moyo achukue hizo, sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye ile namba, bar 5, au psi 72.5, ambayo ndio mwisho wa presha kwenye huklesi na watu wanaitaja kama hukumu ya kifo. Hebu tuulize nani anahitaji kuifikia. Mtu wa kilo 65 kwenye tairi ya 30 hafiki hata bar 4, na akijaza zaidi ya hapo baiskeli inaanza kumrusharusha na anapoteza spidi badala ya kuongeza. Kwake hiyo bar 5 iko mbali kabisa. Wa kilo 95 aliyeng'ang'ania 28 ndiye anayekaa karibu na mstari, na hapo inaingia shida ambayo haizungumzwi, geji ya pampu. Geji nyingi za pampu za mguu zinadanganya kwa psi kadhaa, ile sindano nene unaisoma umesimama umeinama, inaonyesha 70 kumbe ndani kuna 75 na ushavuka bila kujua. Kwenye rimu ya kulabu kosa hilo linapita kimyakimya, kwenye huklesi umeshatoka nje ya kipimo. Geji ndogo ya dijitali inamaliza habari hiyo, ila nani anainunua baada ya kumwaga hela zote kwenye magurudumu?

Halafu faida za huklesi zinapitwa haraka mno. Ukuta ulionyooka unatengenezwa mnene zaidi, ukiingia shimo kwa kishindo kaboni haimeguki kirahisi na tairi haikatwi na ukingo mwembamba. Moldi nayo ni rahisi, ndio maana gurudumu la Zipp 303 S lilipotoka 2020 watu walishangaa bei ilivyokuwa nafuu. Lakini hapa niseme ukweli, ukipanda kwenye magurudumu ghali ya Zipp kama 353 NSW na wenzake unafuu wa moldi huuoni tena, umebaki kwa mtengenezaji, na hilo ndilo lalamiko la haki kuliko lile la usalama.

Na kama huklesi ni hatari kiasi hicho, timu ya UAE Team Emirates wasingempa mwendeshaji wao Pogačar magurudumu ya huklesi ya ENVE akashinda nayo Tour de France ya 2024. Sawa, ana fundi anayempimia upepo kila asubuhi, wewe huna. Ila orodha za tairi zinazokubalika ENVE na Zipp wanazitoa wazi, kusoma hakuhitaji fundi. Unayeendesha 30 kwenda juu na mwili wa kawaida, chagua kwa habu, uzito na kina cha rimu, suala la kulabu liweke mwisho. Wa kilo 95 na 28 zake, huyo hata mimi namwambia achukue ya kulabu, au apande 32 kisha tuongee upya.