Kodi yangu iko praiveti na ubunifu hauhusiki

Watu wakiniuliza kwa nini kodi za programu zangu, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, nazificha huwa nakunja uso nasema "nalinda ubunifu", wanatingisha kichwa kwa heshima. Ubunifu gani sasa. Mchana mimi niko stoo ya vifaa vya umeme, programu naandika usiku kujifurahisha. Wenzangu wana sababu za maana. Mmoja aliacha nywila ya huduma ya meseji ndani ya kodi aliyoiweka wazi mtandaoni, maroboti yanayopekua kodi za watu yakaiona, salio likaisha kabla ya chai ya saa nne. Mwingine kachoka watu wasiomlipa kumwagiza aongeze hiki aongeze kile. Mimi kilichonifungisha mlango ni sendofu ya dada yangu.

Basi bwana, kamati ilikuwa inakaa kila Jumapili kwenye baa moja Sinza, mweka hazina ni shangazi, ana kaunta buku lake limelowa mafuta ya chipsi, kila kikao nusu saa inaisha anatafuta nani kaahidi dabo nani singo nani kalipa nusu. Nikaona hapa ndo pa kuonyesha ujuzi. Nikakesha na Python, lugha ya kuandikia programu, siku tatu nikatoa programu, ina majina, ahadi, kilicholipwa, na kila Ijumaa saa tatu asubuhi inatuma meseji za kukumbushia. Meseji ziko za aina mbili. Ya kwanza niliiita kumbusha_kwa_upole, hiyo ina habari ndugu na Mungu akubariki. Ya pili niliiita kausha_damu, ya wale sugu: "Ndugu mchangiaji, ahadi ni deni. Ukumbi haukodiwi kwa emoji za dua. Tunakusubiri." Shangazi aliipenda hiyo mpaka akataka watumiwe wote, hata waliomaliza kulipa.

Sasa programu haiwezi kujua yenyewe sugu ni nani, lazima uiambie. Nikaweka orodha ndani, nikaipa jina mikono_ya_birika, na pembeni ya kila mtu nikaandika komenti. Kwa wasiojua, komenti ni maneno yanayoanza na ile alama ya hashitegi, kompyuta inayaruka haiyasomi, ni ya binadamu tu. Mimi nikaelewa huyo binadamu ni mimi peke yangu, saa saba usiku, nimevaa bukta. Kwa Anko wa Tabata nikaandika "# anaahidi laki tano kila harusi toka enzi za Mkapa, hajawahi kutoa hata buku". Mamdogo: "# ukimkumbusha tu presha inampanda". Mwenyekiti wa kamati: "# huyu tayari kanywa mchango wake na wa wengine watatu".

Halafu nikasikia vijana wanasema ukiweka kodi yako pabliki mabosi wanaiona unapata kazi. Nikaipandisha GitHub, mtandao ambako watu wanatunza kodi zao, pabliki, na juu nikaweka leseni ya MIT, ile inayosema mtu yeyote achukue, abadilishe, agawe, hata auze. Kisingizio cha hela sikuwa nacho, zamani praiveti ilikuwa ya kulipia ila toka Januari 2019 ni bure. Nikatupia linki kwenye grupu la familia kwa mbwembwe, "kodi yangu hiyo, naiweka wazi kwa dunia". Mama akajibu: "Kodi gani tena mwanangu, si mwenye nyumba alikubali mpaka mwezi wa sita?"

Nikacheka. Nikapata vidole gumba vitano na dua tatu, hakuna hata mmoja aliyefungua.

Wiki mbili baadaye mtoto wa mamdogo, ndo kwanza yuko mwaka wa kwanza chuo, anasoma kompyuta, akanifuata pembeni. Hana hata nia mbaya dogo. "Bro nimeipenda hii programu, swali dogo tu, mikono_ya_birika ni laibrari ya nani?"

Alidhani ni kodi ya kuazima. Jasho. Nikaingia chapchap nikafuta komenti zote, orodha nikaipa jina kundi_b, nikakomiti nikapusha, yaani nikahifadhi mabadiliko nikayapandisha. Ukikomiti inabidi uandike umebadilisha nini, na mimi kwa uaminifu wangu wote nikaandika "kufuta matusi ya Anko".

Hapa nisimame kidogo. GitHub inaendeshwa na Git, programu ya kutunza mabadiliko ya kodi. Git ilitengenezwa na Linus Torvalds 2005 kwa ajili ya kodi ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta aliouanzisha mwenyewe, na kazi ya Git hasa ni kutosahau. Ukifuta mstari inatunza ulivyokuwa, kaufuta nani, saa ngapi. Ni kaunta buku la shangazi minasi mafuta ya chipsi. Na ukibofya historia, mistari iliyofutwa inakuja imepakwa nyekundu kama daftari limetoka kusahihishwa, yaani mwanzo yale maneno yalijificha katikati ya mistari mia nne, nilivyoyafuta ndo nikawa nimeyakusanya ukurasa mmoja na kuyakoleza rangi. Hilo neno git lenyewe kwa Waingereza ni mtu mjinga anayekera. Sikujua kama nimefikiriwa.

Dogo akapiga skrinshoti akamtumia mama yake amsaidie kucheka. Mamdogo akasoma ile ya presha, presha ikapanda kweli. Saa mbili usiku liko grupuni. Nikakimbia kuifanya praiveti, nikashusha pumzi, kumbe dogo alishafanya foku, ana nakala yake kamili kwenye akaunti yake, na hiyo mimi nikifunga kwangu yenyewe inabaki wazi vilevile. Shangazi akauliza ile leseni inasemaje, dogo akamtafsiria neno kwa neno. "Kwa hiyo umeruhusu watu watutangaze dunia nzima, na kutuuza watuuze?"

Ningeishia hapo ningeshukuru. Ila dogo keshanogewa, akaendelea kusoma mpaka akafika mstari wa 212. Hapo niliandika kwamba jina likiwa ni langu, continue, yaani ruka uende kwa mwingine. Pembeni: "# nitalipa mshahara ukitoka". Niliahidi dabo mimi, laki nzima, kikao cha kwanza kabisa, nikapigiwa na makofi. Dogo akatuma voisi ya dakika nne anaelezea continue inafanyaje kazi, kwa mifano, na ukoo mzima wakaisikiliza mpaka mwisho, hata bibi aliwekewa spika.

Anko wa Tabata usiku ule hakutia neno. Asubuhi nikamwandikia kwa adabu zote, "Shikamoo Anko, naomba unisamehe, nilikosea sana." Tiki mbili za bluu. Naona anaandika, anaacha, anaandika tena. Ikaingia:

"Ndugu mchangiaji, ahadi ni deni. Ukumbi haukodiwi kwa emoji za dua. Tunakusubiri."

Marahaba sikupewa. Ijumaa ikaingia tena ileile, saa tatu kamili, na safari hii haikutoka kwa Anko.