Audio Mliyopokea Imeongezwa Chumvi

Jamani, audio ya shoga yangu, ile anayowasimulia watu yaliyonikuta kwenye cherehani, imeshafika Muscat. Binamu yangu kanipigia alfajiri ananiuliza mguu unaendeleaje. Mguu upi? Basi naandika mwenyewe. Si kweli kwamba nilijishona mguu. Si kweli kwamba waliitwa zimamoto. Kilichoshonwa ni dera. Mimi nilikuwa ndani yake tu.

Mnaofuatilia kazi zangu hapa Lancaster mnaijua ile kwilti (blanketi la vipande vilivyoungwa) ya vitenge, ya mama mmoja anayemwozesha bintiye. Mtindo wake ni wa Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani huku Pennsylvania, unaoitwa Jua na Kivuli: miraba midogo inajipanga rangi kwa rangi, ikizunguka kutoka katikati mpaka pembeni. Wao hutumia vitambaa vitupu visivyo na maua. Mimi nikaweka vitenge vya rangi 8, kuanzia manjano hadi buluu iliyokolea. Na sikukata mraba mmoja mmoja, nani ana umri huo? Tangu kisu cha gurudumu kitoke Japani mwaka 1979, mambo ni tepe, vipande virefu vyembamba.

(Mnaonijazia inbox mkiuliza vipimo, chukueni hapa hapa. Yadi 1 kwa kila rangi. Fua kwanza, kitenge hurudi, na chekundu hutoa rangi. Kata tepe 10 za inchi 2 na nusu kwa kila rangi, kufuata upana wa kitambaa. Unga tepe 8, moja ya kila rangi, ubavu kwa ubavu kama shupatu za mkeka, mshono wa robo inchi. Robo kweli! Ukizidisha milimita 1, kila mshono unakula 2, na kwa mishono 7 zimekwenda 14. Tepe inayofuata anzia kushona pale ulipomalizia iliyotangulia, la sivyo jamvi zima linapinda. Kisha unga tepe ya kwanza na ya mwisho upate mrija, ukate huo mrija pete za inchi 2 na nusu. Pete 16 unazipata kwa kila mrija, na mirija ni 10. Kila pete unafumua mshono mmoja, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: usifumue mahali pamoja. Pete ya kwanza ikifunguka juu ya manjano, ya pili ifunguke juu ya rangi inayofuata, na kuendelea. Ukizipanga, rangi zinashuka ngazi zenyewe. Pete 8 zikiungwa ni bloku, mraba mmoja mkubwa, na bloku 20 ni kitanda cha inchi 64 kwa 80. Pasi ibonyeze, usisugue, na mishono ya pete hii ikilala juu, ya jirani ilale chini, ndipo makutano yanakaa. Haya, inbox ipumzike.)

Ufundi wote huo, na nilikuwa nimevaa dera.

Tena lile jepesi la maua ya zambarau, pana la kuingia watu wawili. Kazi ilikuwa imefika kwenye kushona tabaka tatu pamoja: vitenge juu, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini. Hapo unaanzia katikati kwenda kingoni. Kwa cherehani ya nyumbani, nusu ya kwilti unaisokota ipite chini ya mkono wa mashine, nusu unaipakata. Chini ya ile ya kupakata, pindo la dera lilipanda mezani, likajilaza chini ya kitambaa cha mgongo. Kimya. Na mguu niliofunga kwenye mashine (kile kinachobana kitambaa chini ya sindano) ni ule wenye meno yake juu, unaovuta tabaka zote kwa mwendo mmoja ili kusiwe na kikunyanzi. Kwa mguu wa kawaida dera lingejikunja, ningestuka. Huu ulilipitisha kwa adabu zote. Mshono wa milimita 3, mstari wa sentimita 50, mimi naimba.

Hodi.

"Piteni, mlango wazi!" Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Shoga kaingia, na nyuma yake, udi ukimtangulia, mama mteja. "Nilikuwa napita fundi, nikasema nitupe jicho." Mteja hapokewi umekaa. Nikainua sindano, nikakata uzi, nikaikumbatia kwilti, nikasimama.

Nikasikia upepo magotini.

Nikaupuuza. Nikainua kwilti kidogo ili mama aone zile rangi. Upepo ukapanda. Shoga ananitolea macho, anashusha nyusi, anashusha kidevu, nikadhani anasifia kazi, nikainua zaidi. Upepo ukafika mapajani. Hapo ndipo akili ilipofika. (Audio inasema ndani sikuvaa kitu. Uongo! Nilivaa suruali ya baridi ya mume wangu, ile nyeupe ya kubana, yenye kiraka gotini. Sasa sijui kipi bora.)

Nikashusha haraka, nikaikumbatia kwilti kifuani, natabasamu.

"Maashallah," mama akasema. "Hebu tuone mgongo. Fundi anajulikana mgongoni."

Maneno yangu hayo! Si ndiyo nawaambia humu kila siku?

"Mgongo bado, mama. Mpaka ifuliwe."

"Kidogo tu, mwanangu."

Akashika pembe. Akafunua. Kidole chenye hina kikatembea juu ya mshono wangu, taratibu, kikafika kwenye maua, kikasimama.

"Fundi, haya ya zambarau tuliagana?"

"Hiyo ni… lebo."

"Lebo." Akaivuta kidogo. Nikasogea kidogo. Akavuta tena. Nikasogea tena. Akaitazama lebo. Akalitazama dera langu. Akarudi kwenye lebo. Nyuma yake shoga alikuwa ameshakaa sakafuni, ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "umo humu?"

Nimo, mama.

Mengine ni ya haraka. Mteja ndiye aliyefumua, maana mikono yangu haikufika. Nikamwelekeza: upande wa chini, kata mshono mmoja, ruka mitatu, kata, ukimaliza vuta uzi wa juu. Ana mkono mzuri, nusura nimwajiri. Shoga alipewa kazi ya kushika taa, akashika simu. Matundu ya kwilti yalijifunga kwa mvuke wa pasi na kusuguliwa kwa ukucha. Ya dera hayakujifunga, lina mstari wa vitone mpaka leo.

Mama hakudai pesa yake. Kaongeza oda ya foronya mbili za mtindo uleule. Imebaki kuzungusha ukingo, tepe 8 za inchi 2 na nusu zinatosha, kisha aje kuchukua. Kasema atapiga simu akiwa bado kwenye gari, anipe muda wa kujikagua kabla sijasimama.