Kinga ya Mwili Baada ya Kuungua: Itulizwe au Iachwe?

Mtu akiungua vibaya, moto ukishazimwa kinachoendelea kumtesa kwa wiki nyingi ni mwitikio wa kinga yake mwenyewe. Wapo wanaoona kwamba kinga hiyo ikipita kiasi ndiyo inayoua, kwa hiyo itulizwe mapema, na wapo wanaoshikilia kwamba ngozi ikishatoka haijabaki ngao nyingine, kwa hiyo isiguswe.

Upande wa kwanza una hoja nzito. Seli zilizouawa na moto hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na kinga huyachukulia mabaki hayo kama dalili ya hatari hata kama hakuna bakteria aliyeingia. Katika saa chache neutrofili, yaani seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika, hufurika jerahani, makrofaji, seli zinazomeza mabaki, hufuata, na saitokini, kemikali ambazo seli za kinga hupashana nazo habari, husambaa kwenye damu. Jeraha likiwa dogo, mambo huishia hapo hapo na kidonda husafishwa. Lakini kwa mtu mzima aliyeungua zaidi ya takriban asilimia 20 ya ngozi, mishipa midogo huanza kuvuja hata sehemu ambazo moto haukuzigusa, maji ya damu yakajaa kwenye tishu na shinikizo la damu likashuka. Kwa kanuni ya Parkland, yaani mililita 4 kwa kila kilo ya uzito na kila asilimia iliyoungua, mgonjwa wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 hukadiriwa kuhitaji lita 11.2 za dripu katika saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua. Kiasi hicho chenyewe kinaonyesha jinsi mishipa inavyovuja.

Hata hivyo, mwili huohuo unaofoka huwa pia umepungukiwa na nguvu za kujilinda, na hili husahaulika upesi. Kortisoli, homoni ya mfadhaiko, hupanda, seli T, ambazo ni seli za kinga zinazotambua adui, hupungua na kufanya kazi kwa ulegevu, na neutrofili, ijapokuwa ni nyingi, hushindwa kuua bakteria ipasavyo. Ngozi ya kupandikizwa iliyotoka kwa mtu mwingine, ambayo kwa kawaida hukataliwa haraka, hudumu muda mrefu zaidi kwa mgonjwa aliyeungua sehemu kubwa, na madaktari huitumia kama kifuniko cha muda. Bakteria kama Pseudomonas nao hupata nafasi hiyohiyo, na sepsisi, yaani maambukizi yanayouvuruga mwili mzima, ikawa miongoni mwa sababu kuu za vifo. Ndiyo maana steroidi, dawa za kutuliza kinga, hazitolewi kama tiba ya kawaida ya majeraha ya moto: zingepunguza uvimbe, lakini zingechelewesha kupona na kuwafungulia bakteria mlango.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania kiwango cha kinga ilhali tatizo liko kwenye kinachoichochea. Ngozi iliyokufa ikibaki mwilini huendelea kuichokoza kinga na papo hapo huwalisha bakteria. Daktari Zora Janžekovič wa Maribor, mji wa Slovenia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1970, alionyesha faida ya kuikata mapema, tabaka kwa tabaka, mpaka tishu inayotoa damu, kisha kupandikiza ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Njia hii inapunguza uchokozi bila kuifunga kinga mikono. Gharama yake si ndogo, kwani damu nyingi hupotea, na aliyeungua asilimia 80 hana ngozi nzima ya kutosha kujifunika.

Iko pia njia ya katikati, ya kutuliza homoni za mfadhaiko badala ya kinga yenyewe. Propranololi, dawa inayozuia athari za adrenalini, imeonekana kupunguza mapigo ya moyo na upotevu wa misuli kwa watoto walioungua vibaya. Lakini kwa kuwa dawa hiyo hushusha shinikizo la damu, haimfai mgonjwa ambaye mishipa yake bado inavuja na shinikizo lake halijatengemaa.