Tiketi ya Jimbo la Watu: Usikimbilie Kulipa

Dereva wa Marekani akikamatwa kwa mwendo kasi nje ya jimbo lake na kuandikiwa tiketi, yaani hati ya faini, mara nyingi hulipa faini mtandaoni usiku uleule, yaishe. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara inapoanza. Kulipa ni kukiri kosa: mahakama huandika hatia, na hatia hiyo ndiyo inayotumwa kwenye jimbo lililokupa leseni. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. yamo katika mkataba wa kupashana habari hizo.

Usitulizwe na pointi, yaani alama za makosa ambazo jimbo huandika kwenye rekodi ya dereva. New Jersey, kwa mfano, humpa dereva wake pointi 2 tu kwa kosa alilofanya jimbo jingine, hata kama mwendo ulizidi sana. Kampuni ya bima ina hesabu zake. Bima inapokaribia kuhuishwa huvuta rekodi yako, husoma kosa lenyewe, kisha hupandisha ada, kwa kawaida kwa miaka 3. Nyongeza hiyo huweza kuizidi faini kwa mbali.

Kwa hiyo, kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, mpigie karani wa mahakama. Muulize kama wakili anaweza kukuwakilisha bila wewe kusafiri, na jinsi ya kumwomba mwendesha mashtaka ashushe kosa liwe la kifaa kibovu cha gari. Uliza pia kama kuna darasa la udereva linalofuta kosa, na shule zipi wanazikubali. Cheti cha shule wasiyoitambua hukataliwa na ada ya darasa imekwenda bure. Ukinyamaza kabisa, jimbo lako linaweza kusimamisha leseni, na hilo bima hulichukulia vibaya kuliko mwendo kasi wenyewe.

Tiketi ya kamera ya mwendo ya jiji la New York ni habari nyingine: dola 50, haina pointi, haifiki kwenye bima. Ilipe tu. Virginia, ukizidi maili 85 kwa saa, ni kesi ya jinai yenye kifungo cha hadi miezi 12, tafuta wakili.

Ndugu zetu wa malori wachukue tahadhari zaidi. Sheria ya shirikisho hairuhusu darasa kuficha kosa la mwenye leseni ya kuendesha magari ya biashara, hata akiwa na gari lake dogo, na akitiwa hatiani lazima amwarifu mwajiri ndani ya siku 30. Kwao, nafasi ya kupigania kosa ni kabla ya hukumu tu.