Stenti ya polima: kosa halikuwa kuyeyuka

Septemba 2017 kampuni ya Abbott iliacha kuuza Absorb, stenti ya moyo (kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe tena) iliyotengenezwa kwa polima, aina ya plastiki, badala ya chuma, miezi 14 tu baada ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kuiidhinisha. Tangu hapo wengi wamekata shauri kwamba plastiki haina kazi ndani ya mshipa wa moyo. Naamini hukumu hiyo imemwangukia asiye na hatia.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mshipa uliotanuliwa kwa puto huhitaji kushikiliwa kwa miezi kadhaa, si maisha yote, kama vile jukwaa la fundi mwashi linavyoondolewa ukuta ukishakauka. Absorb iliundwa kwa asidi ya polilaktiki, ambayo maji ya mwili huimeng'enya kidogo kidogo hadi asidi ya laktiki, na baada ya takriban miaka 3 huwa imekwisha. Stenti ya chuma hubaki mwilini, na mwaka hadi mwaka wagonjwa wachache huendelea kupata matatizo pale ilipowekwa.

Wapinzani wana hoja nzito. Majaribio 4 yaliyounganishwa, yenye wagonjwa 3,384, yalionyesha kuwa katika miaka 3 ya mwanzo damu iliganda ndani ya stenti ya polima kwa asilimia 2.4 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 0.6 kwa chuma. Kwa kila watu 1,000, ni 24 dhidi ya 6. Damu ikiganda hapo, mara nyingi matokeo ni mshtuko wa moyo, na wapo wanaokufa. Hakuna daktari anayepaswa kulaumiwa kwa kuikataa.

Ila wengi huishia kusoma hapo. Kati ya mwaka wa 3 na wa 5, katika majaribio hayo hayo, kuganda kulikuwa asilimia 0.1 kwa polima na 0.3 kwa chuma. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haitoshi kutangaza ushindi. Kinachonishika ni kule kushuka, kutoka 2.4 hadi 0.1. Hatari ilidumu wakati stenti ilipokuwepo, ikatoweka stenti ilipotoweka. Na dawa iliyopakwa juu yake, everolimus, ndiyo ile ile iliyopakwa kwenye Xience, stenti ya chuma iliyolinganishwa nayo. Basi tuitafute sababu kwingine.

Mimi naiona kwenye unene. Polilaktiki haina nguvu za kobalti na kromu, metali za Xience, hivyo nguzo za Absorb, yaani vijiti vya wavu wake, zilifanywa nene, takriban mikromita 157 (mikromita 1,000 ni milimita 1), wakati za Xience ni 81. Nguzo nene huvuruga mkondo wa damu, na katika mshipa mwembamba, wenye upana chini ya milimita 2.25, huziba sehemu kubwa ya njia. Huko ndiko matokeo yalikokuwa mabaya zaidi. Watetezi wengine huwalaumu madaktari kwa kuiweka vibaya; hoja hiyo siipendi, maana kifaa kinachodai mikono ya pekee kina udhaifu wake.

Aprili 2024 FDA iliidhinisha Esprit, ya polilaktiki na everolimus vilevile, lakini yenye nguzo nyembamba zaidi, kuanzia mikromita 99, kwa mishipa ya chini ya goti. Hiyo ndiyo mishipa inayoziba sana kwa wagonjwa wa kisukari, na kwetu pia kisukari kimekata miguu mingi. Kati ya wagonjwa 261, baada ya mwaka mmoja, asilimia 74 ya waliowekewa hawakukatwa mguu wala mshipa wao haukuziba tena au kuhitaji kufunguliwa upya. Kwa waliotanuliwa kwa puto peke yake ilikuwa asilimia 44.

Mpinzani atasema, na ni kweli, kwamba hapo ililinganishwa na puto, si na chuma. Kwa moyo, kinachotakiwa ni jaribio la polima yenye nguzo nyembamba dhidi ya chuma, likifuatiliwa miaka 10. Faida iliyoahidiwa ni ya baada ya stenti kuisha, na jaribio linalofungwa mwaka wa 3 hupima gharama yake tu.