Miguu ya Zeus Haitoshi

Kila mnada wa mtandaoni unapofunguliwa, tetradrakma (sarafu za fedha za drakma nne) za Aleksander Mkuu zinapangwa kwa maelezo yale yale: sura ya Aleksander, imepigwa enzi za uhai wake, miguu ya Zeus haijapishana. Uzito hautajwi. Picha ina giza chini ya kiti cha enzi cha Zeus, upande wa nyuma wa sarafu, na hapo ndipo penye ushahidi. Hayo maneno "enzi za uhai wake" yameshapandisha bei. Inaniudhi, na zaidi inanisikitisha kwa ajili ya anayeanza, maana anafundishwa kutafuta jibu mahali lisipokuwepo.

Kwanza, yule wa upande wa mbele aliyevaa ngozi ya simba ni Herakles, shujaa wa hadithi za Kiyunani. Anayetaka sura ya Aleksander mwenyewe atafute sarafu za Lysimachos, mmoja wa majenerali wake, zenye pembe ya kondoo dume inayojikunja juu ya sikio.

Tuje kwenye miguu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kigezo hicho, cha kuhesabu miguu isiyopishana kuwa dalili ya enzi za uhai wa mfalme, kina msingi. Sarafu za mwanzo zinamwonyesha Zeus akiwa na miguu sambamba, na ule mtindo wa mguu wa kulia kurudishwa nyuma ulikuja baadaye. Ila kila karakana ya kupiga sarafu ilibadilika kwa wakati wake. Amphipolis ya Makedonia, iliyotoa fedha nyingi kuliko karibu karakana zote, iliendelea na miguu sambamba hata baada ya mfalme kufa Babeli mwezi Juni 323 KK. Kwa hiyo miguu inakupa dokezo tu. Kinachoamua ni alama ndogo: herufi, monogramu au picha iliyo mbele ya magoti ya Zeus na nyingine chini ya kiti.

Chukua sarafu yenye M upande wa kushoto na ΛΥ chini ya kiti. Alama hizo hizo ziko kwenye sarafu za Babeli zenye jina la Philippos, yaani Arrhidaios, kaka wa Aleksander aliyetawala baada yake. Alama zikishirikiana hivyo, tarehe inakuwa ya baada ya 323 KK, Zeus akae atakavyo. Njia ya pili ni mihuri, yaani vyombo vilivyochongwa vya kupigia picha kwenye sarafu. Muhuri wa upande wa kichwa ulikaa kwenye fuawe na kudumu kuliko ule wa juu uliopigwa nyundo, hivyo kichwa kimoja hukutana na migongo kadhaa yenye alama tofauti. Ukiona ufa ule ule kwenye ngozi ya simba ukizidi kurefuka kutoka sarafu hadi sarafu, umepata mpangilio wa nani alitangulia. Njia ya tatu ni hazina zilizofukiwa: ile ya Demanhur, Misri, iliyopatikana 1905 na kuchapishwa na mtaalamu wa sarafu Newell, ilifungwa karibu 318 KK, kwa hiyo aina iliyomo humo haiwezi kuwa changa kuliko hapo.

Na hata alama zinasomwa kwa unyenyekevu. Herufi mbili za Kifoinike, ayin na kaf, zilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa jina la mji wa Ake, na katalogi ya sarafu za Aleksander ya Price ya 1991 imezipanga hivyo. Leo zinasomwa kama ufupisho wa jina la Azemilkos, mfalme wa Tiro, na namba zilizo kando yake ni miaka ya utawala wake. Mfululizo mzima umehama mji. Ndiyo maana lebo lazima iandike alama yenyewe, si jina la mji peke yake.

Uzito nao haukwepeki. Tetradrakma nzuri ina gramu 17.2 hivi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, irudishe sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala ukingo. Fedha safi ya gramu 17.20 itaonyesha karibu 1.64; gawanya 17.20 kwa 1.64, unapata 10.49, yaani msongamano wa fedha. Sarafu yenye moyo wa shaba iliyovikwa fedha inakwama karibu na 9. Futa viputo kwanza, maana vinashusha jibu na kuihukumu sarafu njema. Fedha iliyooza ndani kwa uzee hufanya vivyo hivyo. Jibu zuri, hata hivyo, halimwondoi mghushi wa leo anayetumia fedha halisi. Huyo utamkamata kwa sarafu mbili zenye makovu na ukingo unaofanana kabisa.

Usisafishe. Karatasi za umiliki wa zamani zitunzwe pamoja na sarafu.

Wasomaji wa Muscat na Sharjah wana sababu ya pekee ya kuangalia vizuri. Ghuba ilipiga Aleksander wake: Herakles mbele, aliyekaa kitini nyuma, jina lililoandikwa ni Abiel, na Mleiha, katika Sharjah, umepatikana hata ukalibu wa kutengenezea vipande vya sarafu. Hizo zinauzwa mara nyingi kama "Aleksander mbovu, Makedonia". Ni dhuluma kwa historia ya pwani hiyo.

Basi, kabla ya kutoa dau, omba vitu vitatu: uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, mwelekeo wa mihuri kwa saa (upande wa nyuma umeelekea saa ngapi ukilinganisha na wa mbele), na picha ya chini ya kiti iliyopigwa kwa mwanga wa upande mmoja unaolala chini. Muuzaji akikataa hiyo ya tatu, mlipe bei ya sarafu isiyo na tarehe.